Maofisa wanafunzi wa Monduli na sura mpya ya vita

CHUO cha Mafunzo ya Kijeshi kilichopo Monduli, mkoani Arusha, ndicho kinachoandaa maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Kilianza mwaka 1969 huko Mgulani, Dar es Salaam, kabla ya kuhamishiwa Monduli katika miaka ya 1970. Anayehitimu hutunukiwa kamisheni na kuwa Luteni Usu, cheo ambacho kwa kawaida humkabidhi platuni ya askari takriban 30.

Kizazi cha kwanza cha maofisa hao kilipimwa katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Adui wa wakati huo alivaa sare, alitumia vifaru na mizinga, na mahali aliposhika paliweza kuonyeshwa kwenye ramani. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, matokeo yalijulikana.

Hali imebadilika. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka askari mashariki mwa Kongo katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, iliyoruhusiwa na Azimio namba 2098 kupambana na makundi ya waasi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo kundi la M23 lilishindwa. Hata hivyo, ushindi huo haukudumu: Januari 2025 kundi hilo liliuteka mji wa Goma.

Fundisho chungu zaidi lilipatikana Desemba 7, 2017, pale kambi ya Semuliki, eneo la Beni, iliposhambuliwa. Walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa na zaidi ya 40 kujeruhiwa. Waasi wa ADF, wanaojificha msituni na kuchangamana na raia, ndio waliotuhumiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulibaini kasoro katika mafunzo, mfumo wa amri na taarifa za kiintelijensia, pamoja na kukosekana kwa mpango madhubuti wa kupeleka msaada kambini.

Kutokana na hayo, ofisa mwanafunzi wa leo hawezi kutosheka na gwaride, shabaha na usomaji wa ramani, ingawa hayo yangali msingi. Anapaswa kujua jinsi ya kupata taarifa kutoka kwa wanakijiji bila kuwahatarisha, na jinsi ya kuendesha mapigano mawasiliano yanapokatika.

Anga nayo si salama tena. Vita vya Ukraine, tangu mwaka 2022, vimeonyesha kuwa ndege ndogo isiyo na rubani, yenye bei nafuu, inaweza kuteketeza kifaru cha thamani kubwa. Kujificha, kutawanya askari na kupunguza matumizi ya redio yamekuwa masuala ya uhai.

Lipo pia suala la sheria. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda raia hata katika mapigano ya ndani ya nchi. Adui asipovaa sare, mzigo wa kumtofautisha na mkulima humwangukia kamanda mdogo aliyepo mahali hapo, mara nyingi usiku na kwa sekunde chache.

Uamuzi huo haufundishiki siku ya mapigano. Hujengwa mapema, darasani na porini, kabla kijana hajakabidhiwa roho za wenzake.