Mnara uliojengewa vitabu

Mkisikia neno pagoda labda mnafikiri nyumba nyembamba ya mbao, yenye mapaa mengi yaliyopinda juu kama pembe za ng'ombe. Sisi pia tulifikiri hivyo. Lakini tulipofika Xi'an, mji wa kale wa inchi ya China ulioitwa zamani Chang'an, tuliona mnara mnene wa matofali, wenye pande nne, rangi yake kama udongo mkavu. Wenyeji wanauita Mnara Mkubwa wa Bata Bukini. Urefu wake ni meta 64. Tulipanda orofa zote saba kwa ngazi ya mbao, na magoti yetu hayajasahau.

Mnara huu haukujengwa kwa ajili ya vita wala kaburi la mfalme. Ulijengewa vitabu. Mmonaki mmoja wa dini ya Buda, jina lake Xuanzang, aliona kwamba vitabu vya dini yake katika Kichina havipatani, akataka kusoma vile vya asili huko Uhindi. Akatoka pasipo ruhusa ya serikali, akapita majangwa na milima yenye barafu. Alirudi mwaka 645, baada ya miaka zaidi ya 15, na vitabu 657 katika mafurushi 520, vimechukuliwa na farasi 20. Tena alikuwa amepata hasara njiani: katika mto Indus yeye alivuka juu ya tembo, lakini mashua ilipigwa na mawimbi, na vitabu kama 50 vikaanguka majini.

Mtu aliyeona vitabu vyake vikizama, si ajabu aogope. Mwaka 652 alimwomba Kaisari Gaozong ajenge mnara wa mawe, ili vitabu visitawanyike wala kuungua moto. Kaisari akajibu kwamba mawe ni kazi ndefu mno, afadhali matofali. Basi Xuanzang, mtu wa miaka 50 hivi, mwalimu mwenye sifa kubwa, akajitwika kikapu na kuchukua matofali pamoja na vibarua.

Lakini matofali yalikuwa nje tu. Ndani walishindilia udongo. Majani na miti ikaota humo, ikapasua kuta, hata ikabidi kujenga upya kati ya mwaka 701 na 704, wakati wa Malkia Wu Zetian. Mwaka 1556 tetemeko kubwa la inchi likauharibu tena. Na katika siku zetu adui alikuwa kiu ya mji: watu walivuta maji mengi ya visima, udongo ukashuka, na mwaka 1996 mnara ulikuwa umeinama zaidi ya meta moja. Walipopunguza visima ukaanza kujinyosha, polepole sana.

Je, na vitabu? Vile vya Kihindi havimo tena. Tulitazama kila orofa. Vilivyopona ni vile alivyotafsiri kwa mkono wake na wenzake, karibu miaka 20, mpaka kufa kwake mwaka 664: vitabu 75, katika mikunjo 1335. Hivyo vilinakiliwa, vikafika Korea na Japani, na vingine vinasomwa bado hali asili yake ya Kihindi imepotea.

Mchana tulikwenda katika nyumba ya makumbusho ya mji uleule, kuona jiwe moja jeusi juu ya mgongo wa kobe wa mawe. Lilichongwa mwaka 781 na Wakristu wa Kanisa la Mashariki. Linasema kwamba mwaka 635, miaka 10 kabla ya Xuanzang kurudi, Alopen alifika Chang'an na Maandiko Matakatifu, na kwamba Kaisari Taizong, yuleyule aliyempokea Xuanzang baadaye, aliagiza yatafsiriwe katika nyumba yake ya vitabu.