Mjafari: gome lake linashika DNA, lakini je, ni dawa?

Kuna mti wa miiba unaoota kwenye nyika za Kagera, Rwanda na Uganda. Wahaya wanauita entale y'eirungu, Wanyarwanda intareyirungu, Waganda ntaleyaddungu. Maana ni ile ile: simba wa nyika. Kwa Kiswahili ni mjafari, na wauza dawa za asili wengi wanaujua kama mlungulungu. Jina la kisayansi ni Zanthoxylum chalybeum.

Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, iko ndani ya ukanda huo. Gome la mjafari huchemshwa na kunywewa kutibu homa na malaria. Ni chungu kweli kweli.

Je, uchungu huo una dawa ndani yake? Jibu liko kwenye kemia.

Ndani ya gome kuna nini?

Kuna alkaloidi. Hizi ni kemikali ambazo mimea mingi hutengeneza, na nyingi husaidia kufukuza wadudu na wanyama wanaoila. Kwinini ya malaria, kafeini ya kahawa na nikotini ya tumbaku zote ni alkaloidi.

Mwaka 2014, watafiti waliochunguza mimea ya tiba ya Rwanda waliitambua alkaloidi moja ya mjafari iitwayo nitidini, na wakaonyesha kuwa inaua vimelea vya malaria maabara.

Inashikaje DNA?

Fikiria DNA kama ngazi iliyosokotwa. Ndani yake ndimo yalimoandikwa maelekezo yote ya seli. RNA ni nakala ya maelekezo hayo, inayopelekwa mahali protini zinapotengenezwa.

Nitidini ina umbo bapa kama karata, na ina chaji chanya. DNA ina chaji hasi. Basi zinavutana, na karata inajipenyeza katikati ya vipandio viwili vya ngazi. Ngazi inapanuka kidogo na kulegea. Seli ikitaka kunakili DNA yake, inakwama.

Ndugu wa nitidini, kama keleritrini na sanguinarini, hufanya hivyo hivyo, na hushika RNA pia.

Mfano uliofanikiwa: mti wa China

Mwaka 1966, Monroe Wall na Mansukh Wani wa Marekani walitangaza alkaloidi iitwayo kamptothesini, kutoka mti wa China ambao jina lake lina maana ya mti wa furaha.

Iko hivi: seli ikitaka kunakili DNA, kuna kimeng'enya kinachokata uzi mmoja ili ngazi isijisokote kupita kiasi, kisha kinauunga tena. Kamptothesini inakaa pale pale palipokatwa na kuzuia uzi usiungwe. Seli ikiendelea kunakili, DNA inakatika kabisa na seli inakufa.

Seli za saratani hujigawa mara kwa mara, kwa hiyo ndizo huumia zaidi.

Lakini majaribio ya kwanza kwa wagonjwa, miaka ya 1970, yalisimamishwa kwa sababu ya madhara makali, yakiwemo ya kibofu. Wanakemia wakairekebisha kidogo kidogo. Mwaka 1996, miaka 30 baada ya kugunduliwa, dawa mbili zilizotokana nayo, topotekani na irinotekani, ziliidhinishwa Marekani. Topotekani hutumika pia kwa saratani ya shingo ya kizazi, moja ya saratani zinazowasumbua sana wanawake wa Tanzania.

Upande wa RNA nao una mfano. Omasetaksini, inayotokana na alkaloidi ya mti mwingine wa Asia, inashika kiwanda cha protini cha seli mahali palipojengwa kwa RNA. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa aina moja ya saratani ya damu.

Kwa nini mjafari bado?

Tatizo ni hili: DNA ya kimelea, ya seli ya saratani na ya ini lako zina umbo moja. Alkaloidi haichagui.

Nitidini nayo ilijaribiwa dhidi ya saratani ya damu kwa panya. Ilionyesha nguvu, ila sumu yake ikawa kikwazo.

Na kwenye malaria kuna jambo la kushangaza. Utafiti unaonyesha nitidini inashikana na hemu, mabaki ya damu ambayo kimelea hulazimika kuyafungia yasimdhuru, kama inavyofanya klorokwini. Maana yake, huenda kinachoua kimelea si kule kushika DNA. Kwenye saratani, kushika DNA ndiyo silaha. Kwenye malaria inaweza kuwa hasara tupu, na kazi ya wanakemia ni kutenganisha hayo mawili.

Sanguinarini ilishatoa somo chungu. Mwaka 1998 mjini Delhi, India, mafuta ya kupikia yalichanganyika na mafuta ya mbegu za magugu yenye alkaloidi hiyo. Watu walivimba miguu, moyo ukashindwa kazi, na zaidi ya 60 walifariki.

Kwa nini Kagera inahusika?

Mwaka 2024, watafiti walichapisha ushahidi kutoka Karagwe, jirani na Ngara, kwamba baadhi ya vimelea vya malaria vimeanza kustahimili kwa kiasi artemisinini, kiini cha dawa mseto. Dawa mseto bado inaponya, ila dawa mpya zinahitajika, na mimea kama mjafari ni sehemu ya kutafutia.

Ya kuzingatia

Kikombe cha gome hakina kipimo. Gome la mti mmoja linaweza kuwa na alkaloidi nyingi kuliko la mti mwingine, na hakuna anayeweza kuona tofauti kwa macho.

Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Ikithibitika, meza dawa mseto na umalize dozi. Kama umekunywa dawa ya miti shamba, mwambie mhudumu wa afya bila kuona haya. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipewe gome hili, maana seli za mtoto zinajigawa kwa kasi.