Kisomo cha Uzeeni

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Nami, mwalimu kijana, nilikuwamo: jioni nilifundisha kisomo, na nakiri kwamba niliwakaripia wazee walioshika kitabu juu chini.

Deni hilo nimelilipa hapa Mgololo. Wanangu walituletea gari lililotumika Japani, nimpeleke mama yao kliniki Mafinga. Redio yake iliishia megahezi 90, maana ya Wajapani huanzia 76. Stesheni zetu hufika 108. Hilo si kitu. Tatizo ni kwamba kila nilipowasha gari, mwanamke alisema jambo kwa Kijapani, na kioo kikaandika nisichoweza kusoma, mimi mkuu wa shule mstaafu. Nilidhani anaonya kuhusu breki. Siku moja, kwenye mteremko wenye ukungu, niligeuza gari. Mgonjwa akakosa kliniki.

Mjukuu wangu wa darasa la sita aliyapiga picha maandishi yale kwa simu, yakageuka Kiswahili. Mwanamke yule hukumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kadi hizo zilienea Japani tangu 2001. Huku hazina kazi.

"Babu, kwa nini hukuuliza?"

Wazee wangu wa kisomo nao hawakuwa wakiniuliza, na sasa najua sababu.

Safari iliyofuata, sauti ilipoanza, mke wangu aliijibu: "Haya dada, tumesikia. Twende."