Skii Zilipopanda Kibo

Wapagazi wanaotoka Tengeru na Usa River kwenda kupandisha wageni Kilimanjaro hubeba kila kitu: mahema, mitungi ya gesi, trei za mayai, meza, hata choo cha kubebeka. Skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea thelujini, si mzigo waliouzoea. Hata hivyo mlima huo ulishatelezewa zamani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi hii ilipokuwa koloni la Wajerumani.

Ilikuwa mwaka 1912. Mjerumani Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König walifika Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, wakawa kundi la nne kufanya hivyo tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika tarehe 6 Oktoba 1889. Kufika tu kusingewapa umaarufu mkubwa. Kilichowatofautisha ni kuteremka kwa skii, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya Kibo kabla yao. Jina la Furtwängler limebaki huko juu, kwenye bonge la barafu lililo karibu na kilele. Kaka yake, Wilhelm, alikuja kuwa mmoja wa waongoza okestra mashuhuri wa Ujerumani, kwa hiyo ukoo huo ulipata sifa jukwaani na mlimani.

Na waliobeba mizigo? Safari za enzi hizo zilitegemea mabega na vichwa vya Wachaga, na ni vigumu kuamini kwamba mbao zile zilipenya msitu na kuvuka nyika ya juu kwa njia nyingine. Kinyala Lauwo wa Marangu angalau anakumbukwa kwa jina kama mwongozaji wa safari ya Meyer. Wapagazi wa 1912 hawakupata bahati hiyo.

Kwa nini basi mlima wenye theluji, uliotelezewa mapema kiasi hicho, haukuzaa hata kituo kimoja kidogo cha likizo za skii? Wajerumani hawakukosa hamu ya mlima. Walijenga vibanda viwili, Bismarck na Peters, ambavyo leo tunaviita Mandara na Horombo. Mwaka 1929 Waingereza nao wakaanzisha klabu ya wapanda milima iliyokuwa na makao Moshi. Wakapanda, wakapima, wakaandika majina yao kwenye ramani. Skii zikabaki kituko cha watu wachache.

Jibu linaonekana vizuri ukitazama Ufini. Kituo cha Levi, ambako mabingwa wa dunia hushindana karibu kila Novemba, kiko kwenye kilima chenye urefu wa mita 531 tu. Soko la Tengeru, wanakouzia mama zetu ndizi na mboga, liko juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Wafini hawana mlima wa kujivunia mbele ya Mmeru wala Mchaga. Walicho nacho ni majira ya baridi: miezi mfululizo ambayo ardhi imeganda usiku na mchana, theluji ikianguka inakaa, na isipoanguka mashine hupuliza maji hewani yakageuka theluji kabla hayajagusa chini. Chini ya kilima pana barabara, umeme, nyumba za wageni na kamba za chuma zinazompandisha mtu akiwa amekaa. Familia hufika na watoto wa miaka mitano, wakateleza, wakanywa kitu cha moto, wakapanda tena.

Sisi tuko karibu na ikweta. Tofauti ya joto kati ya mchana na usiku inapita tofauti kati ya mwezi na mwezi. Kibo huganda usiku, na mchana hupigwa na jua kali la mita 5,895, ambalo huichonga barafu ikawa na ncha kali zilizosimama kama visu. Hapo ni pa kukata skii, si pa kuzitelezesha. Hewa ya oksijeni nayo ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mtu anayehema akiwa amesimama hawezi kucheza siku nzima. Meru wetu, wenye zaidi ya mita 4,560, hupakwa weupe kidogo nyakati za masika, na weupe huo ukichelewa sana kuondoka ni wa siku chache. Lesotho wamefanikiwa na kituo chao cha Afriski, kilicho juu ya mita 3,000, kwa sababu kusini kule kuna kipupwe cha kweli na mashine za kutengeneza theluji.

Tengeru pia iliwahi kuishi na watu waliojua theluji kwa sura nyingine. Kuanzia 1942 walipokewa hapa wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imewahamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941 kwenda Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walipitia Iran, kisha wakaletwa Afrika Mashariki. Wakapewa vibanda vya duara chini ya Meru, wakajenga kanisa na shule. Makaburi yao yapo mpaka leo. Kwa watu hao theluji haikuwa likizo: ilikuwa kukata magogo kwa lazima huku njaa ikiua ndugu. Nafikiri hilo linafaa kukumbukwa kila tunapoletewa picha za watalii wenye mashavu mekundu, kana kwamba baridi ni starehe tangu kuumbwa kwa dunia.

Mwafrika Mashariki aliyeifanya skii iwe habari yetu alitoka Kenya. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kwa ufadhili wa kampuni ya Nike kujifunza skii za masafa, yaani zile za kusukuma kwa miguu na fimbo kwenye njia ndefu. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Nagano, alishiriki kilomita 10. Mnorwe Bjørn Dæhlie alishinda kwa dakika 27. Boit alifika wa mwisho, nafasi ya 92, kwa dakika 47. Dæhlie alikataa sherehe ya medali ianze kabla Boit hajamaliza, akamsubiri mstarini na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi kushindana 2002 na 2006. Mwaka 2018 Sabrina Simader, Mkenya aliyelelewa Austria, akashuka milima ya Pyeongchang kwa ajili ya bendera hiyohiyo. Tanzania, yenye Kilimanjaro, haijawahi kupeleka mtu hata mmoja kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Silalamiki, uwanja wa kufanyia mazoezi uko wapi?

Hata uwanja ule wa barafu wa Furtwängler unakwisha. Ramani aliyochora Fritz Klute kutokana na vipimo vya 1912, mwaka uleule, inaonyesha barafu ya karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo 2050.

Barafu hiyo hatuwezi kuirudisha kwa jembe wala kwa hotuba. Majina ya waliopandisha skii zile pengine bado yanaweza kupatikana. Wazee wa Machame, Marangu na Old Moshi waliosimuliwa na babu zao habari za mbao ndefu za Wajerumani waulizwe sasa, na wenye makumbusho na hifadhi wayaandike majina hayo kando ya la Furtwängler.