Prosesa mpya kwenye kompyuta kuukuu: Je, gharama inalipa?

Na Mwandishi Wetu

MMILIKI wa kompyuta mpakato iliyoanza kusuasua huambiwa neno moja na karibu kila anayemwomba ushauri: prosesa imezeeka, ibadilishe. Neno hilo huwa na ukweli ndani yake, lakini limewagharimu wengi fedha ambazo zingefanya kazi nzuri zaidi mahali pengine. Wapo waliolipa, wakarudi nyumbani, wakawasha mashine na kukuta inachukua dakika zile zile kufunguka.

Swali la kwanza, hata kabla ya bei, ni iwapo prosesa ya mashine husika inaweza kutolewa. Katika kompyuta nyingi za mezani huwekwa kwenye soketi na kubanwa kwa kishikizo, hivyo kuing'oa na kuweka nyingine ni kazi ya dakika chache. Katika kompyuta mpakato utaratibu huo ulikuwa wa kawaida hadi kizazi cha nne cha prosesa za Intel Core, kilichotoka mwaka 2013. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa za Intel za kompyuta mpakato zimekuwa zikichomelewa moja kwa moja juu ya ubao mama. Zilizobaki na soketi ni mashine chache kubwa na nzito zinazotumia prosesa za kompyuta za mezani.

Herufi za mwisho za jina la prosesa husaidia kutambua. Katika kizazi cha pili hadi cha nne, namba inayoishia na M au MQ mara nyingi ina soketi. Inayoishia na U, ambayo ndiyo imejaa katika kompyuta nyembamba za ofisini, imechomelewa. Fundi anayeahidi kuing'oa hiyo ya pili kwa moto na kubandika nyingine anacheza na ubao mama wote, na kwa kawaida gharama yake haina tofauti kubwa na kununua ubao mzima.

Kuwapo kwa soketi nako hakumalizi hesabu. Kompyuta ya Lenovo ThinkPad T420 ya mwaka 2011 hutumia prosesa za kizazi cha pili. Zile za kizazi cha tatu huingia katika soketi yake bila kulazimishwa, lakini mashine haizitambui, kwa sababu programu ya BIOS iliyomo ndani yake haikuandikwa kwa ajili yake. Mnunuzi asiyejua hilo hubaki na kipande kizima, kisicho na hitilafu yoyote, ambacho hakimfai kitu.

Baada ya hapo ndipo huja swali lenye uzito kuliko yote: mwenye mashine anasubiri nini? Mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alionyesha mwaka 1967 kwamba kuongeza kasi ya sehemu moja ya kazi hakuwezi kuokoa muda zaidi ya ule unaotumiwa na sehemu hiyo. Chukua kazi inayochukua dakika 10, ambapo dakika 8 ni za kungoja diski na 2 ni za prosesa. Prosesa yenye kasi maradufu itaokoa dakika 1 tu. Aliyetoa fedha zake atabaki akitazama dakika 9 zile zile.

Na katika kompyuta za zamani, diski ndiyo mkosaji wa kawaida. Diski ya kuzunguka, ambayo katika mashine hizi huwa na mizunguko 5,400 kwa dakika, huhitaji zaidi ya milisekunde 10 kufikia faili moja. Diski ya SSD huhitaji takriban sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Wakati wa kuwasha kompyuta au kufungua programu, maelfu ya faili ndogo husomwa moja baada ya nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuka kuwa dakika za kusubiri. Upungufu wa RAM huongeza balaa, kwa kuwa kumbukumbu ikijaa kompyuta huanza kuhifadhi mzigo wa ziada katika diski hiyo hiyo inayojikokota.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Mashine ikiwa katika kazi inayomchosha mwenyewe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows, kisha aangalie asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski. Diski ikiwa imekaa kwenye 100 huku prosesa ikicheza kwenye 20, jibu limepatikana. Prosesa ikiwa ndiyo iliyogota kwenye 100 kwa dakika nyingi mfululizo, basi mazungumzo ya kuibadilisha yana msingi.

Hata hivyo, kuna jambo la joto, ambalo mjini Dar es Salaam si dogo. Prosesa za kizazi cha nne zinapofikia nyuzi joto 100 hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Feni iliyojaa vumbi, pamoja na ule ute wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa na bomba la shaba ukishakauka, huifanya prosesa nzuri ijiendeshe kama dhaifu. Kusafisha na kupaka ute mpya ni kazi ya bei ndogo, na ifanyike kwanza. Anayeweka prosesa yenye nguvu zaidi katika mashine chafu amenunua joto.

Mfano wa ThinkPad T440p, mashine ya mwaka 2013 inayopendwa na mafundi kwa sababu hufunguka kirahisi, unaonyesha faida na mipaka yake. Nyingi zilitoka kiwandani na prosesa ya i5-4300M yenye viini 2, inayofika kasi ya gigahezi 3.3. Soketi yake hupokea i7-4700MQ yenye viini 4, inayofika gigahezi 3.4. Kwa kazi inayotumia kiini kimoja, kama kuandika barua au kufungua jedwali la hesabu, ongezeko la kasi ni asilimia 3 hivi. Hakuna jicho la binadamu litakaloliona.

Kwa mpiga picha za harusi anayetengeneza video hadi usiku wa manane, hesabu hubadilika. Programu za video hugawanya kazi kwa viini vyote, hivyo kazi ya saa mbili inaweza kukaribia saa moja, ilimradi mashine inapoa vizuri. Lakini i5 hiyo imepangiwa wati 37 na i7 hiyo wati 47. Wati hizo 10 za ziada hutoka kwenye chaja na betri, na zote huishia kuwa joto ndani ya kasha lile lile. Chaja ndogo ya wati 65 inaweza kuelemewa mashine inapofanya kazi huku ikijaza betri.

Mwenye steshenari anayechapa mitihani ya shule na kutoa nakala hana sababu ya kuingia gharama hiyo. SSD na RAM ya kutosha vitamfanya aamini amenunua kompyuta nyingine. Vifaa hivyo pia havipotei, kwani mara nyingi SSD huhamishiwa katika mashine ijayo, wakati prosesa ya soketi ya mwaka 2013 haiendi popote.

Kikwazo kingine kimeongezeka miaka ya karibuni. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache za kizazi cha saba, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Hakuna prosesa inayoingia katika soketi ya T440p iliyo katika orodha hiyo. Kwa hiyo, hata baada ya kulipia i7, mwenye mashine atabaki nje ya mlango rasmi, labda ahamie Linux, ambayo huendeshwa vizuri na mashine za umri huo.

Hapo ndipo ulinganisho na mashine iliyotumika unapokuwa mkali. Prosesa ya i5-8250U, ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, ina viini 4 na hufika gigahezi 3.4, sawa na ile i7, lakini imepangiwa wati 15 tu. Katika kazi ndefu ya video itashusha kasi mapema kwa sababu ya wati hizo chache, lakini kwa shughuli za kila siku inatosha, betri inadumu, na Windows 11 inaikubali. Hutumika katika kompyuta kama ThinkPad T480 ya mwaka 2018.

Hesabu ya mnunuzi, basi, ni ya kujumlisha. Tuseme prosesa na ufundi ni Sh150,000, na mashine ya zamani ingeuzwa Sh200,000 kama ilivyo. Namba hizo ni za mfano tu. Anayebadilisha prosesa ana Sh350,000 zilizofungwa ndani ya mashine ya mwaka 2013. Kama fedha hizo, au kidogo juu yake, zinanunua mashine ya kizazi cha nane, kubadili prosesa hakulipi.

Anayebaki na sababu nzuri ya kubadili, kama huyo mtengeneza video ambaye tayari ana SSD na RAM ya kutosha, akague kipande kabla ya kulipa. Prosesa zenye maandishi ya Intel Confidential ni za majaribio ya kiwandani, hazikukusudiwa kuuzwa, na BIOS ya kompyuta inaweza kuzikataa. Malipo yafanyike baada ya mashine kuwaka na jina la prosesa mpya kuonekana kwenye kioo. Ile ya zamani isiachwe kwa fundi, kwa sababu mpya ikishindwa wiki mbili baadaye, ndiyo itakayoirudisha mashine kazini siku hiyo hiyo.