Somo la Historia: Ahadi ya Mtu Asiye na Dini

Wahenga walisema ahadi ni deni. Je, deni hilo humfunga mtu asiyemwamini Mungu? Swali hili lilisumbua Bunge la Uingereza karibu miaka sita.

Mwaka 1880 mji wa Northampton, uliojulikana kwa mafundi wake wa viatu, ulimchagua Bwana Charles Bradlaugh kuwa mjumbe. Yeye hakuwa na dini. Alishika kwamba wema na ubaya wa tendo hupimwa kwa faida au hasara inayowapata wanadamu.

Desturi ilikuwa mjumbe aape kwa jina la Mungu. Bradlaugh aliomba kutoa ahadi tu, kama walivyoruhusiwa Wakristo wa dhehebu la Quaker. Akakataliwa. Basi akakubali kuapa, ingawa alisema wazi kwamba maneno yale ya dini hayana maana kwake. Hapo baadhi ya wenzake walimlaumu, na wapinzani wakasema: kiapo cha mtu huyu ni bure.

Tarehe 23 Juni, 1880, alikataa kutoka Bungeni, akafungwa usiku katika Mnara wa Saa. Mwaka 1881 alitolewa kwa nguvu, nguo zikachanika. Lakini watu wa Northampton hawakumwacha. Walimchagua tena mwaka 1881, 1882, 1884 na 1885. Mwishowe, Januari 1886, Spika alimruhusu kuapa na kuketi.

Alipopata kiti hakulipiza kisasi. Mwaka 1888 alifanikisha sheria ya kuwaruhusu wasio na dini kutoa ahadi badala ya kiapo, Bungeni na mahakamani. Tena aliwatetea Wahindi, ambao hawakuwa na mjumbe katika Bunge lile.

Januari 1891 Bunge lilifuta azimio lake la kumkataa. Mwenyewe alikuwa mahututi, hakupata kusikia. Akafa tarehe 30. Maziko yake yalihudhuriwa na kijana mmoja Mhindi, mcha Mungu, aliyekuwa akisoma sheria London. Jina lake Mohandas Gandhi.

Basi, ndugu, jadilianeni katika kikundi chenu: ukitaka kujua kama neno la mtu ni la kuaminiwa, utatazama anachoapia, au utatazama alivyolipa ahadi zake za nyuma? Kwa heri mpaka somo lijalo.