Boma la Mawe la Thimlich na Mikono Iliyolitengeneza

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, na watoto huikariri upesi. Lakini maana yake hukaa moyoni zaidi mtu akiwa ameona ufa wenyewe na ukuta wenyewe. Basi leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mji mmoja wa kale, jirani na nchi yetu, ambao kuta zake zimedumu miaka mia nne na zaidi, na hali hazikutiwa saruji wala chokaa.

Mtu akitoka hapa Nkende, akavuka mpaka pale Sirari, atafika Migori katika nchi ya Kenya. Kutoka Migori akielekea kaskazini-magharibi, yapata kilometa 46, atakuta boma la mawe liitwalo Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma. Na jina la Thimlich hufasiriwa kuwa ni msitu mnene wa kutisha. Wataalamu wa mambo ya kale husema ya kuwa huenda lilijengwa katika karne ya 16. Mahali hapo pana maboma makubwa manne, nayo yaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Tena si hayo tu. Katika nchi ya upande ule wa Ziwa Viktoria maboma ya mawe yaliyohesabiwa ni zaidi ya 500, ila hili ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote.

Twaomba msomaji aangalie jinsi lilivyojengwa. Kuta zake zina kimo cha meta moja na nusu hata meta nne na zaidi, na unene wa meta moja hata tatu. Mawe hayakuchongwa, yalitumiwa kama yalivyookotwa. Fundi alipanga mawe ya uso wa nje, akapanga na ya uso wa ndani, kisha katikati akashindilia mawe madogo madogo, hata pande zote mbili zikashikamana kwa uzito wake. Malango yalifanywa mafupi, kusudi anayeingia ainame, na adui asiweze kuingia kwa kishindo. Na juu ya malango yaliwekwa mawe marefu ya kubeba ukuta. Ndani ya boma watu walijenga nyumba zao, na ng'ombe wakalala salama, mbali na wezi na wanyama wakali.

Je, ni nani waliolijenga? Mapokeo yasema ya kuwa wa kwanza walikuwa watu wa lugha za Kibantu, na baadaye wakaja Wajaluo. Jambo hili twalipenda sana, maana wale waliokuja baadaye hawakubomoa kazi ya waliotangulia. Waliingia, wakakaa, na palipoanguka wakainua. Kwa hiyo boma hili si mali ya mikono ya kizazi kimoja. Lilidumu kwa sababu kila aliyelala ndani yake alikuwa pia fundi wake; jiwe likidondoka asubuhi, lilirudishwa kabla ya jioni.

Lakini katika karne ya 20 watu wa mwisho waliondoka. Vita na unyang'anyi vilikuwa vimepungua, wala haikuwapo tena haja ya ngome. Watu wakajenga miji yao mahali pengine, wakaizungushia ua wa miti. Hapo ndipo adui wa kweli alipoingia bomani, naye hakuwa na mkuki. Mizizi ya miti ilipenya katikati ya mawe ikayasukuma. Wanyama walipanda juu ya kuta wakayaangusha. Na watu nao waliona mawe yaliyo tayari, wakayachukua kwa kazi zao.

Mwaka 1981 serikali ya Kenya ililiandika boma hili kuwa kumbukumbu ya taifa. Hata hivyo kuandikwa katika kitabu hakuinui ukuta, na mwaka 2000 lilitajwa katika orodha ya mahali pa kale duniani palipo katika hatari. Baada ya hapo sehemu zilizoanguka zilijengwa tena, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2018 shirika la UNESCO lililiingiza katika Urithi wa Dunia.

Kazi ya namna hii hufanywa kwa mkono, wala haina njia ya mkato. Kwanza ukuta uliotokeza tumbo hauna budi kushushwa mpaka pale palipo imara. Mawe hutengwa, makubwa mbali na madogo, kisha hurudishwa moja moja, kila jiwe likikalia mawili ya chini yake, ili ufa usipate njia ya kupanda juu. Mzizi uliokwisha kuingia ukutani haung'olewi kwa nguvu, maana utatoka pamoja na ukuta, hukatwa. Na saruji isitiwe, ingawa ni rahisi. Ukuta wa mawe makavu hupitisha maji ya mvua na kujilegeza kidogo pasipo kuvunjika. Saruji huufunga, na maji yakikosa njia huutafuna toka ndani.

Wale wanaodhani ya kuwa nyumba kubwa haihitaji kuangaliwa, na watazame Unguja. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu ya baraza yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa wamekwisha kuanza kulitengeneza, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka, na watu wawili wakafa. Miaka minane ilipita kati ya onyo na msiba.

Basi, ndugu wasomaji, mawe ya Thimlich yangalipo, na milima yetu ya Tarime haikukosa mawe. Kinachoweza kupotea ni ujuzi wa kuyapanga, nao haukai katika mawe bali katika mikono ya wazee. Mzee ajuaye kazi hii akifa bila mwanafunzi, ukuta utakaoanguka baada yake utabaki kuwa rundo. Kwa hiyo twawasihi vijana: mkiona mawe ya mji wa kale porini, msiyachukue kujengea mazizi. Mwendeeni mzee, mkamwulize jiwe lile lilikaaje. Na akiwaonyesha kwa mkono, nanyi lishikeni kwa mkono.